Sare ya Mke Wangu

Jumanne, 8 Aprili 2025

Idi imepita, kazi zimekwisha. Kanzu zote zimechukuliwa. Barazani nimebaki na vipande vya kitambaa na suruali ya mzee mmoja wa Pasua ambaye nadhani ameisahau. Fundi cherehani asiye na kazi huanza kuwaza. Bora niandike.

Mke wangu Rukaya karudi kutoka chuo na habari. Mwezi ujao wanaanza field, mafunzo ya vitendo! Tangu waanze chuo wamesomea kwenye sanamu la plastiki. Sasa wanakwenda kukaa na gari la wagonjwa lenyewe, na wagonjwa wenyewe. Kaongea mpaka chai ikapoa. Sijamwona hivi tangu mtoto wetu Siku azaliwe.

Habari ya pili – kanitafutia kazi. Darasa zima linataka sare mpya. Suruali ya bluu nzito yenye mifuko ya pembeni, shati la mikono mifupi lenye mkanda unaong'aa. Kamwambia mkufunzi wao, Mwalimu Theodora, kwamba mume wake ni fundi, na ni fundi mzuri.

Nikafurahi. Kweli nilifurahi. Kisha nikauliza kule field watakwenda vipi. Wawili wawili, kasema. Yeye kapangwa na nani?

Na Leonce.

Leonce tena.

Alhamisi, 10 Aprili

Jina hili limekuwa chumvi ya nyumba hii, kila chakula limo. Leonce anasema presha haipimwi mtu akiwa amekunja miguu. Leonce anasema Kirua Vunjo, watakakokwenda field, kuna baridi, tubebe masweta. Leonce kamjibu mwalimu hivi, darasa zima likacheka. Leo Siku kauliza mezani, "Leonce ni nani?" Mtoto wa miaka sita kauliza kitu ambacho mimi nimekimeza mwezi mzima. Rukaya kajibu tu: mwanafunzi mwenzangu.

Baada ya kula, mazoezi. Huwa mimi ndiye mgonjwa. Nalala kwenye mkeka, Siku anashika tochi. Leo nilikuwa nimeanguka na pikipiki. Rukaya kapiga magoti kichwani kwangu, kanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Baba, unanisikia? Naitwa Rukaya. Niko hapa kukusaidia. Usitikise shingo, mimi nimekushika."

Ile sauti! Miaka saba ya ndoa sijawahi kusemeshwa kwa sauti ile. Hata siku ya harusi. Pole, nzito, kama mtu ambaye hana haraka duniani. Alipomaliza nikabaki nimefumba macho. Siku akasema baba amekufa. Wakacheka, nami nikacheka.

Lakini nimewaza. Sauti hii inapelekwa Kirua kugawiwa watu wasiomjua. Na yule mwingine atakuwa amesimama pembeni, anaisikia bure.

Jumapili, 13 Aprili

Kaka Mussa kaja. Sijui nani kamwambia kwamba Rukaya atakaa Kirua siku za kazi na kurudi Ijumaa jioni. Nadhani ni Mama. Kakaa, kanywa chai, kangoja Rukaya atoke kuanua nguo, ndipo akasema.

"Shakiru, sisi tulikuolea mke. Hatukukuolea mbeba maiti."

Nikamkatiza. Nikamwambia wanabeba walio hai, na Rukaya asipobeba yeye, atabeba binti wa mtu mwingine, naye ana kaka yake wa kulalamika. Nikamwambia wanalala nyumba ya watumishi, wasichana chumba chao, wavulana chao. Nilisema vizuri. Mussa akaaga.

Alipotoka tu, nikamwambia Rukaya yale yale ya Mussa. Niliyapaka asali kidogo – njia mbaya, masika, Siku atakulilia. Kanisikiliza huku anakunja nguo.

"Hayo ni ya kaka yako au ni ya kwako?"

Nikasema tutaona.

"Tutaona nini, Baba Siku?"

Nikatoka kwenda msikitini kabla ya adhana.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda chuo kuwapima. Darasa limejipanga mstari, mimi na tepu yangu shingoni. Kazi nzuri, mchana mzuri, mpaka ilipofika zamu yake.

Kumbe ni mrefu. Sikumdhania mrefu. Kijana wa Kibosho, mabega kama mlango. Ilibidi ninyanyue visigino ili nipate kipimo cha bega hadi bega. Kasimama kwa adabu, kanyoosha mikono bila kuambiwa.

"Shikamoo shem," kasema.

Shem! Nani kamuozesha dada yangu? Na hiyo shikamoo – hatupishani sana hivyo. Nikaitikia marahaba kwa sababu watu wanasikia. Kaendelea kwamba mke wangu ndiye anayelibeba darasa, kwamba siku ya mtihani wa vitendo wote mikono ilitetemeka isipokuwa wake. Nikamwambia asiongee, anaharibu kipimo cha kifua.

Rukaya alisimama mwisho wa mstari, anacheka, kanyoosha mikono na yeye. Nikamwambia, "Wewe kaa. Saizi yako naijua kwa kichwa." Wasichana wakapiga vigelegele. Nikajisikia mtu. Nikamtazama Leonce aone.

Alikuwa anafunga kamba za viatu.

Jumatatu, 21 Aprili. Pasaka

Leonce kaja nyumbani. Na pikipiki, kutoka Kibosho, na mkungu mzima wa ndizi mshale umefungwa nyuma, na maziwa ya mgando ndani ya kibuyu. Mama yake anatusalimu, kasema, anashukuru kwa sare ninayomshonea mwanawe.

Ningemfukuzaje mtu na mkungu?

Kakaa kwenye kiti changu. Hakujua, lakini kakaa. Kamvalisha Siku masikioni ile mashine ya kusikilizia moyo, ncha yake kaiweka kifuani kwake mwenyewe. Siku kafungua macho makubwa. "Baba, moyo wa Leonce unakimbia!" Wakacheka wote. Leonce kasema ni kwa sababu ya kuendesha pikipiki kwenye mashimo. Mimi nikasema moyoni, au ni kwa sababu nyingine.

Rukaya akapika machalari. Zile ndizi zake, nyama yetu. Wakaanza maswali ya mtihani, mmoja anauliza, mwingine anajibu, kama watu wanaorushiana mpira. Mtu hapumui, wewe unaanza na nini? Damu haikatiki, unaanza na nini? Mimi nikiuliza kitu wananieleza polepole, wote wawili, kwa upole, kama naulizia njia.

Nimekula sahani mbili. Yalikuwa matamu. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 25 Aprili

Niandike upesi.

Leonce kaja barazani kujaribu suruali. Imemkaa. Kazi yangu siwezi kuiharibu hata nikitaka, mkono unakataa. Nilikuwa nimeinama nachoma pini kwenye pindo, ndipo akasema kwa sauti ya chini:

"Shem, nilikuwa sijakupa pole. Ya baba mkwe. Mambo ya pale Mbuyuni."

Nikasema ahsante, ni mipango ya Mungu. Mzee Khalid alianguka sokoni Mbuyuni, mwaka wa pili wa ndoa yetu. Najua. Mimi ndiye niliyeshika jeneza mbele. Rukaya alifika sokoni akakuta baba yake ameshafariki. Ndivyo alivyoniambia. Ndivyo ninavyojua.

Leonce kaendelea. Kwamba wao darasani wote walilia siku Rukaya alipowasimulia. Namna alivyomshika baba yake kichwa mapajani, mzee bado anapumua, watu wanampepea kwa kanga na kumwagia maji, na yeye hajui afanye nini, mpaka pumzi ikaisha mikononi mwake.

Nikachoma pini kwenye kidole changu.

Sikuinua uso. Nikamwambia geuka.

Kwa hiyo alikuwepo. Mzee alifia mikononi mwake. Miaka mitano nalala pembeni yake, na sijui. Kijana wa Kibosho anajua. Darasa zima linajua. Yule sanamu wa plastiki anajua.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, sikufungua. Siku nilimpeleka kwa Mama tangu asubuhi. Nikamuuliza Rukaya.

"Kwa nini Leonce anajua na mimi sijui?"

Hakujifanya haelewi. Hilo namheshimu. Kaacha kuchambua mchele, kasema kwamba darasani waliulizwa kila mmoja kwa nini kachagua kazi hii. Alikuwa amejitayarisha kusema kitu kingine, cha kawaida. Aliposimama yakatoka hayo.

Nikamwambia, sikuulizi darasani. Nauliza hapa. Miaka mitano.

"Wewe ningekwambia, ungenihurumia," kasema. "Ungesema si kosa langu. Mimi nilikuwa sitaki kuambiwa si kosa langu. Nilitaka mtu wa kunionesha ningefanya nini."

"Na Leonce kakuonesha?"

"Tulioneshana. Kwenye sanamu."

Kisha kainua sinia la mchele, kaenda nalo uani. Mimi nikabaki. Ni kweli ningemhurumia. Hata jana barazani, kabla ya hasira, kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa kilio.

Lakini nilikuwa na haki ya kulia naye. Au sina?

Jumatano, 30 Aprili

Nimemaliza sare zote. Zimepigwa pasi, zimekunjwa mbili mbili, kila kifurushi na jina lake. Ya Leonce iko juu kabisa, kwa kuwa ni kubwa, zilizo chini zisipate mikunjo.

Ya Rukaya bado. Kitambaa cha sare yake ya kwanza nimeshakikata, kiko kwenye rafu. Yake nataka niishone mwisho, kwa utulivu, isiwe kama za wengine. Mkono wa shati lake nitaushonea mara mbili. Kesho.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Umeme ulikatika mchana. Cherehani yangu ni ya miguu, haihitaji umeme. Lakini pasi inahitaji.

Kesho.

Ijumaa, 2 Mei

Mwalimu Theodora kaja na gari kuchukua sare. Mama mmoja mnene, mkavu wa maneno, anahesabu kwa kugusa kila kifurushi. Kafika mwisho, karudia. Kauliza ya Rukaya iko wapi.

Rukaya alikuwa amesimama pale pale.

Nikasema zipu zilipungua. Za bluu hazipatikani, nimeagiza, zinakuja.

Mwalimu kasema Jumatatu asubuhi wanaripoti, na asiye na sare haguswi na mgonjwa wala hagusi mgonjwa. Anarudi nyumbani, anangoja awamu nyingine mwakani. Hakusema kwa ubaya. Kasema kama mtu anayesoma ratiba.

Macho ya Rukaya yalikwenda kwenye ukuta nyuma yangu. Pale ndipo ninapotundika zipu. Za bluu zilikuwa zimening'inia, zinaonekana na kila mtu.

Tukarudi nyumbani. Kanipakulia, kamwogesha Siku, kamsomea. Bora angenitukana.

Mwakani! Nimelirudia neno hili. Mwakani Leonce atakuwa ameshamaliza. Aibu yangu ni kwamba niliwaza hivyo, nikajisikia vizuri, nikala nikashiba.

Jumamosi, 3 Mei

Leo niliamua. Nimekunywa chai, nimefungua baraza mapema, nimeweka uzi wa bluu kwenye sindano. Nikanyoosha mkono kwenye rafu.

Kitambaa hakipo.

Nimepekua kila kona. Nimepekua mpaka gunia la makapi.

Jumapili, 4 Mei

Imetundikwa kwenye msumari wa mlango wa chumbani. Sare kamili, imepigwa pasi. Nimeigeuza ndani. Mishono ya ovaloki ya kufunga kingo, ya mashine ya umeme. Mjini anayefunga ovaloki namna ile, na kuacha kinyuzi kidogo kwenye kona ya mfuko, ni mmoja tu.

Praygod. Fundi wa ng'ambo ya barabara. Praygod tunayetazamana naye kutwa, anayenichukulia wateja wa harusi, anayenipungia mkono kila asubuhi.

Rukaya kanikuta nimeishika.

"Sikutaka tugombane kwa sababu ya suruali," kasema.

"Ukaenda kwa Praygod."

"Nilikwenda kwa fundi."

Kisha kaingia kufunga begi. Sweta, kandambili, Kurani yake ndogo, picha ya Siku. Nilikaa kitandani nikimtazama anapanga. Nilikuwa na maneno mengi. Nikamwambia asisahau mwavuli.

Jumatatu, 5 Mei

Kaondoka. Gari la chuo liliwachukua stendi. Siku kalia, mimi sikulia. Leonce alikuwepo, kavaa kazi ya mikono yangu, imemkaa kama ngozi. Rukaya kavaa kazi ya Praygod. Wakapanda. Leonce kachukua begi la Rukaya kaliweka juu. Kitu kidogo. Mtu yeyote angefanya.

Nikaenda kufungua baraza. Praygod kavuka barabara. Hajawahi kuvuka tangu nimjue. Kasalimia, kauliza habari za nyumbani, kazunguka zunguka. Nikajua anataka kueleza. Kasema shemeji alikuja na kitambaa kimeshakatwa, kaujua mkono wangu, kazi safi, hakutaka kukigusa lakini shemeji alikuwa na haraka.

"Ila ilibidi nipunguze kiunoni," kasema. "Na hapa mabegani. Kwa kipimo kile angeogelea. Amekonda sana, shemeji. Mitihani eh?"

Nikasema eh, mitihani.

Nimekaa na neno hilo kutwa. Amekonda. Mtu mwingine kamzungushia tepu mke wangu kiunoni ndipo nikajua amekonda. Mimi niliyesema mbele ya darasa zima kwamba naijua kwa kichwa! Ile niliyoijua kwa kichwa ni ya mwaka aliponizalia Siku.

Nimemuonea wivu Leonce kwa mabega yake, kwa pikipiki, kwa yale anayoyajua. Leo namuonea Praygod kwa tepu. Nina wivu wa kugawa mtaa mzima, na bado ninabaki nao.

Jumanne, 6 Mei

Rukaya kapiga simu jioni. Sauti imejaa. Jana hawakutoka. Leo wametoka mara moja, mtoto kaungua na uji. Kamshika mkono njia nzima. Kasema aliogopa, kisha hakuogopa. Nyuma yake nasikia watu wanacheka, na mmoja najua ni nani.

Nikamuuliza sare inakukaa?

"Inanikaa. Ila ni moja tu, Baba Siku. Jana usiku niliifua, asubuhi nikaivaa mbichi. Huku hakukauki kitu."

Moja tu. Wenzake wote nimewashonea mbili mbili.

Jumatano, 7 Mei

Nimefanya jambo ambalo Mussa akilisikia atanicheka mpaka kaburini. Nimevuka barabara. Nimemwomba Praygod vipimo vya mke wangu.

Alikuwa na wateja wawili. Nilidhani atasema kwa sauti, wasikie. Angekuwa na haki, mimi ningesema. Kaniomba nisubiri. Nikasubiri kwenye benchi lake, naitazama baraza yangu kwa upande wa pili, ilivyo ndogo kutokea huko. Wateja walipoondoka kanikatia kipande cha karatasi, kaniandikia. Kiuno, nyonga, bega, urefu. Kanipa bila kunitazama sana.

"Bega la kulia limeshuka kidogo," kasema. "Nadhani ni la kubebea begi. Nililiinua kwa ndani."

Sikulijua na hilo.

Kitambaa cha akiba kilikuwepo. Nimeshona tangu adhuhuri. Suruali mbili, mashati mawili, mkono nimeushonea mara mbili. Bega la kulia nimeliinua kwa ndani. Siku kanikalia miguuni, kakusanya pini kwa sumaku. Kauliza ni nguo za nani. Nikasema za mama. Kasema mbona ni ndogo.

Kesho naenda Kirua. Nitampa mkononi. Na nitaona kwa macho yangu.

Alhamisi, 8 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo cha afya, Kirua.

Nilifika baada ya adhuhuri. Kupanda kutoka barabara kuu ni tope tupu, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Nikauliza. Muuguzi kaniambia wamekwenda na gari hapo chini, kuna bibi kaanguka kwenye kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani. Gari limesimama juu barabarani, huko haliingii. Nikashuka kwa miguu, mfuko wa sare kifuani chini ya koti.

Nikawakuta wanapanda naye. Njia ya mtaro, inateleza kama sabuni. Bibi amefungwa kwenye machela, mguu umefungwa mbao. Leonce mbele, Rukaya kichwani, dereva na majirani pembeni, mzee mwenye fimbo nyuma yao. Nikasimama kwenye migomba. Hawakuniona.

Bibi alikuwa analia kwa Kichagga. Rukaya hajui Kichagga, ni mtoto wa mjini, wa Bondeni. Akawa anauliza kwa Kiswahili, Leonce anageuza, bibi anajibu, Leonce anarudisha. Wanapokezana neno kama wanavyopokezana uzito. Mke wangu na yule kijana na mgonjwa kati yao. Niliungua, nisijidanganye. Niliungua pale kwenye mvua.

Kisha nikasikia ile sauti. Lakini si ile ya mkekani. Hii ilikuwa ya chini, na kila mtu aliitii.

"Tusimame. Tubadilishe mikono. Leonce, kulia kwako kuna jiwe. Usiharakishe, tuna muda."

Leonce, mabega kama mlango, akasimama. Akaliangalia jiwe. Akageuka kumtazama Rukaya, na nikamwona anavyomtazama. Mimi ni mwanamume, nimeona. Sikukosea tangu mwanzo.

Ila Rukaya hakumtazama. Alikuwa anautazama uso wa bibi, anahesabu pumzi zake kwa midomo. Walipofika nilipo, akaniona. Akapunguza mwendo hatua moja.

"Siku mzima?"

"Mzima."

"Nisubiri kituoni."

Wakapita. Niliikagua suruali ya Praygod ilipopita mbele yangu. Nilitafuta kasoro. Haikuwa nayo.

Wamempeleka hospitali ya Mawenzi, Moshi mjini. Muuguzi alipandia hapa, na Rukaya, na Leonce, na binti wa yule bibi mwenye simu na kadi ya bima. Yule mzee, mume wa bibi, hakupata nafasi. Kaachwa na mimi kwenye benchi. Anaitwa Mzee Eliona, koti limelowa, fimbo imejaa tope. Nikamwamkia shikamoo. Kisha akaniuliza kama yule binti aliyekuwa kichwani ni wa kwangu, maana kamwona akipunguza mwendo aliponiona.

Nikasema ni mke wangu.

"Kazi yake anaijua?"

Swali hilo sijawahi kujiuliza. Mwezi mzima nimejiuliza mengine.

"Anaijua, mzee."

Akatikisa kichwa. Mvua ikaongezeka juu ya bati. Akasogea karibu ili nimsikie.

"Na yule kijana mrefu? Ni mtu wa kuaminika?"

Nilimtazama. Mke wake wa miaka yote hiyo amefungwa mikanda ndani ya gari, kwenye utelezi, na hao wawili. Hana wa kuuliza ila mimi.

"Ni wa kuaminika," nikasema.

Nimelitamka kwa mdomo wangu. Mzee akashusha pumzi, akaegemea ukuta. Baadaye akashika mkono wa koti langu, kama mtu anavyoshika nguzo, akasinzia. Bado kaushika. Naandika kwa mkono uliobaki.

Gari la mwisho la Moshi limesimama getini. Konda anaita. Nikipanda sasa nitawakuta bado wako Mawenzi, wanamkabidhi mgonjwa. Nitawaona wakitoka. Nitajua wamekaa vipi kwenye gari. Rukaya kasema nisubiri hapa.

Konda kapiga bati mara mbili. Ananitazama mimi.

Mzee hajaachia.